Blogu Binafsi na Mitandao ya Kijamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa nimeulizwa kwa barua pepe, kwa simu na mara moja harusini, tangu nilipoanza kuandika blogu ya mapishi ya pwani. Wengi wanaouliza ni watu wanaoandika peke yao, wasio na mhariri wala fundi wa kuwasaidia, na ambao simu ndiyo kompyuta yao. Majibu yameandikwa kwa kuwafikiria hao.

Je, bado kuna haja ya kuwa na blogu wakati kila mtu yuko Facebook, Instagram na TikTok?

Haja ipo, na sababu ya kwanza ni umiliki. Anayeandika kwenye mitandao ya kijamii pekee ni kama mmachinga aliyetandaza bidhaa pembeni mwa barabara ya Kariakoo: wapita njia ni maelfu na kodi ya pango halipi, lakini mahali pale si pake, na siku akiambiwa aondoke, kama walivyoondolewa wamachinga wa Dar es Salaam Oktoba 2021, mteja wa jana hajui amtafute wapi. Blogu ni fremu. Inaweza kuwa ndogo na ikawa uchochoroni, lakini anwani yake haibadiliki na ufunguo unao mwenyewe.

Hofu hii haikubuniwa. Google+ ilifungwa Aprili 2019 na maandishi ya watu yakafutwa pamoja nayo. Nchini Uganda, Facebook ilifungiwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi mkuu na ikaendelea kufungiwa katika miaka iliyofuata. Nchini Tanzania, X (zamani Twitter) ilifungiwa Mei 2025. Mwandishi aliyekuwa amewaweka wasomaji wake wote katika mtandao mmoja kati ya hiyo alilazimika kuanza upya, na pengine hakuwa na njia hata ya kuwaaga.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo, nayo ni kwamba makala ya blogu hutafutika. Andiko la Facebook huishi siku mbili au tatu, kisha huzama chini ya mengine, na mwandishi mwenyewe akilitaka baada ya mwaka hutoka jasho kulipata. Makala yangu kuhusu mkate wa kumimina niliiandika kwa jioni moja, lakini kila Ramadhani ikikaribia watu huipata kupitia Google na kuisoma upya, wengine wakiwa Muscat, wengine wakiwa Uingereza, na sijawahi kuisambaza tena tangu mwaka wa kwanza. Blogu ya mpiga picha wa habari Issa Michuzi, ambayo Watanzania wengi waliifahamu kabla ya kuufahamu mtandao wowote wa kijamii, ilianza 2005, wakati Facebook ilifunguliwa kwa umma Septemba 2006.

Hayo hayana maana kwamba mitandao ya kijamii ipuuzwe. Huko ndiko waliko watu. Ninachoshikilia ni utaratibu tu: andika kwanza nyumbani kwako, kisha peleka habari sokoni.

Nianzie Blogger au WordPress?

Kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata makala moja, Blogger inatosha kabisa. Ni ya Google tangu 2003, haina malipo, inafunguka kwa akaunti ileile ya Gmail, na haikudai ujue lolote kuhusu seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu mtandaoni. Upungufu wake ni kwamba haiendelezwi kwa kasi, na huduma zake huweza kuondolewa bila wewe kuulizwa, kama ilivyotokea 2021 pale huduma ya kuwatumia wasomaji makala mpya kwa barua pepe ilipositishwa.

WordPress inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu jina hilo lina vitu viwili ndani yake. Kuna WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni inayokutunzia blogu yako, na kuna programu ya WordPress yenyewe, iliyotoka 2003, ambayo ni ya bure kwa yeyote lakini unalazimika kuiweka kwenye seva unayoilipia. Ya pili hukupa uhuru mkubwa wa kuongeza programu-jalizi (programu ndogo za kuipa blogu uwezo mpya) za kila namna, na pia hukupa kazi ya kuisasisha, kuilinda na kuhifadhi nakala zake. Nimeona blogu nzuri zikifa kwa sababu mwenyewe alichoka kuwa fundi. Anza na kilicho rahisi. Ukiandika mwaka mzima bila kuacha, utakuwa umejua unachokosa.

Je, ni lazima ninunue jina la kikoa?

Si lazima siku ya kwanza, lakini usichelewe sana, kwa kuwa jina la kikoa, yaani anwani ya blogu uliyoisajili mwenyewe, ndilo linalokuwezesha kuhama bila wasomaji kugundua. Leo anwani yako inaelekea Blogger, kesho unaielekeza kwenye WordPress, na viungo vyote ulivyowahi kubandika Facebook au kutuma WhatsApp vitaendelea kufunguka, mradi uhifadhi muundo wa anwani za makala. Kwa watu binafsi Tanzania ina majina yanayoishia na .me.tz na Kenya ina yale ya .me.ke, mbali na .com ambayo kila mtu anaijua.

Jambo moja nasisitiza kwa sababu lilinifika. Jina langu la kwanza lilisajiliwa na kijana aliyenitengenezea blogu, kwa jina lake na barua pepe yake, nami sikuona tatizo. Alipohama mji na namba yake kutopatikana, muda wa usajili ukaisha, jina likachukuliwa na mtu mwingine, na viungo vya miaka mitatu vikaanza kuwapeleka wasomaji wangu wa mapishi kwenye ukurasa wa kubashiri mechi. Lipia mwenyewe, kwa barua pepe yako, hata kama kuna anayekusaidia kubofya.

Je, nahitaji leseni ili kuendesha blogu binafsi?

Inategemea ulipo na unachoandika. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya mwaka ya shilingi 1,000,000. Juni mwaka huohuo blogu na majukwaa yasiyosajiliwa yalitakiwa kusimamisha uchapishaji. Kanuni mpya zilitolewa 2020, na zikarekebishwa 2022. Kwa kuwa aina za leseni na ada zake zimekuwa zikibadilika, soma toleo linalotumika sasa kwenye tovuti ya TCRA kabla ya kuanza, hasa ikiwa utagusa habari na matukio. Kenya haina leseni ya namna hiyo kwa mwandishi binafsi, lakini ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kama Tanzania ilivyo na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sheria zote mbili humkuta mwandishi popote alipochapisha, iwe kwenye blogu au kwenye Facebook.

Kuunganisha blogu na mitandao ya kijamii maana yake ni nini hasa?

Watu hutumia neno hilo moja kwa mambo matatu tofauti, na ndiyo maana mara nyingi hawaelewani na mafundi wao. La kwanza ni kuweka kwenye blogu alama za akaunti zako ili msomaji akufuate huko. La pili ni vitufe vya kusambaza chini ya kila makala, vinavyomwezesha msomaji kuituma kwa wenzake. Kwa wasomaji wetu kitufe cha WhatsApp ndicho kinachobofywa, na kama nafasi ni ndogo weka hicho pekee. La tatu ni usambazaji wa moja kwa moja, ambapo makala ikichapishwa tu, tangazo lake lenye kiungo hujitokeza lenyewe kwenye akaunti zako.

Hilo la tatu hufanya kazi kwa njia mbili. Ama programu-jalizi kama Jetpack huwasiliana na mtandao husika kwa idhini uliyoitoa, ama huduma ya nje husoma mlisho wa RSS wa blogu yako, yaani orodha ya makala mpya iliyoandikwa kwa ajili ya programu, kila baada ya muda na kutangaza kila jipya inaloliona. Mlisho huo kila blogu huwa nao hata kama mwenyewe hajui: kwenye WordPress huwa ni anwani yako ikifuatiwa na /feed, na kwenye Blogger ni /feeds/posts/default.

Kwa nini makala zangu haziendi tena zenyewe kwenye wasifu wangu wa Facebook?

Kwa sababu Facebook iliifunga njia hiyo tarehe 1 Agosti 2018. Tangu siku hiyo programu za nje haziruhusiwi kuandika kwenye wasifu wa mtu binafsi. Zinaweza kuandika kwenye Ukurasa tu, ule ambao watu hufungua kwa ajili ya biashara au kazi zao. Mafundi wengi bado huahidi kulirekebisha jambo hili, na wengine hutoza. Usilipe. Fungua Ukurasa wenye jina la blogu, uunganishe huo, kisha ukitaka marafiki zako waone, sambaza kwa mkono kutoka kwenye Ukurasa kwenda kwenye wasifu wako.

X nayo ilibadilisha masharti na bei zake kwa programu za nje mwaka 2023, na Jetpack ikaacha kusambaza huko. Mifano hii miwili yatosha kuonyesha kwamba muunganisho wowote wa aina hii ni ruhusa ya muda.

Basi ni bora kusambaza kwa mkono?

Kwa blogu ya mtu mmoja anayechapisha mara moja au mbili kwa wiki, naona ni bora, ingawa najua wapo wasiokubaliana nami. Tangazo linalojituma lenyewe hubeba kichwa cha habari na kiungo, basi, na hulingana kila mahali, ilhali msomaji wa LinkedIn hajaja kutafuta alichokifuata msomaji wa TikTok. Ukiandika mwenyewe sentensi mbili za utangulizi, zenye swali au kipande kitamu cha makala, watu hujibu. Na wakijibu, mtandao wenyewe huona kwamba andiko lina uhai na kulionyesha kwa wengine. Tena saa ni muhimu. Makala ya futari iliyojitangaza yenyewe saa tisa usiku imekwisha kupitwa kabla ya watu kuamka kula daku.

Usambazaji wa moja kwa moja nauacha kwa sehemu zile ambazo hazihitaji maneno, kama chaneli ya Telegram. Vilevile kuna programu-jalizi ya ActivityPub, inayoifanya blogu ya WordPress yenyewe ifuatwe na watumiaji wa mtandao wa kijamii wa Mastodon kana kwamba ni akaunti. Wasomaji wa Kiswahili huko ni wachache, lakini kazi yake ni ya kuiweka mara moja na kuisahau.

Nikibandika kiungo WhatsApp kinatokea kikavu, bila picha wala kichwa. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Unapobandika kiungo, WhatsApp au Facebook huenda kwenye ukurasa ule na kutafuta maelezo maalumu yaliyofichwa katika msimbo wake, yanayoitwa Open Graph, ambayo Facebook iliyaanzisha 2010 na mitandao mingine ikayapokea. Maelezo hayo husema kichwa ni hiki, muhtasari ni huu, picha ni hii. Yasipokuwapo, mtandao hukisia, na mara nyingi hukisia vibaya: huchukua nembo yako, au picha ya tangazo la mtu mwingine lililo pembeni.

Kwenye WordPress, programu-jalizi za kusaidia utafutaji, kama Yoast, huyaandika maelezo hayo zenyewe, na kazi yako hubaki kuchagua picha kuu ya makala. Kwenye Blogger hutegemea kiolezo (muundo wa mwonekano wa blogu) ulichochagua. Jaza pia maelezo ya utafutaji ya kila makala, sehemu ambayo wengi huiruka. Picha yenye upana wa pikseli 1200 na kimo cha pikseli 630 hukaa vizuri karibu kila mahali, na ikiwa nzito WhatsApp huiacha, kwa hiyo mimi huipunguza hadi iwe chini ya kilobaiti 300. Hilo humsaidia pia msomaji anayehesabu bando lake.

Iwapo umerekebisha kila kitu na bado picha ya zamani ndiyo inayotokea, mtandao umehifadhi kumbukumbu ya mara ya kwanza. Facebook ina ukurasa wa kukagua viungo kwa ajili ya watengenezaji programu, uitwao Sharing Debugger. Bandika anwani yako hapo na uiamuru isome upya.

Instagram na TikTok hazinipi nafasi ya kuweka kiungo. Nifanyeje?

Kiungo kikiandikwa kwenye maelezo ya picha ya Instagram hakibofyeki, na hili halitokani na kosa lako. Kinabofyeka kwenye wasifu na kwenye hadithi za saa 24, ambako tangu Oktoba 2021 kibandiko cha kiungo kilifunguliwa kwa akaunti zote badala ya zile kubwa tu. Badala ya kulipia huduma ya kupanga viungo, tengeneza ukurasa mmoja ndani ya blogu yako wenye makala unazozitangaza wiki hiyo, na anwani yake ndiyo uiweke kwenye wasifu wa Instagram, na wa TikTok pia kama akaunti yako inaruhusu kiungo. (Kwa anayeandika mapishi, jina la ukurasa huo lina mtego: wangu niliuita "Viungo", na watu wakaufungua wakitafuta iliki na mdalasini.)

Je, ni sahihi kutuma kiungo cha makala kwenye vikundi vya WhatsApp?

Kwenye kikundi kilichoundwa kwa ajili ya jambo unaloliandikia, ndiyo, baada ya kumwomba msimamizi. Kwenye kikundi cha ukoo, cha wazazi wa shule au cha kamati ya harusi, hapana, hata kama makala ni nzuri kiasi gani. Nimeshuhudia kiungo cha blogu kikidondoshwa kati ya taarifa ya msiba na orodha ya michango. Aliyekituma aliondolewa, na ninadhani ilistahili. Njia ya heshima zaidi ni chaneli, ambayo WhatsApp iliileta 2023: anayetaka hujiunga kwa hiari, namba yake ya simu haionekani kwa wafuasi wenzake, na akichoka hutoka bila kuagana.

Niweke makala nzima Facebook, au sehemu tu na kiungo?

Ushauri wa kawaida ni kuweka kionjo ili watu waje kwenye blogu. Nilikuwa naufuata bila swali hadi msomaji mmoja wa Lindi aliponieleza kwamba yeye hununua bando la mitandao ya kijamii pekee, na kwamba kila akibofya kiungo changu huambiwa hana salio. Kampuni za simu huuza mabando ya aina hiyo kwa bei nafuu, na aliyenunua anaweza kukaa Facebook na WhatsApp siku nzima lakini akashindwa kuvuka nje hata kwa ukurasa mmoja. Msomaji huyu haonekani katika takwimu za blogu, kwa hiyo ni rahisi kusema hayupo.

Tangu hapo makala fupi huziweka nzima kwenye Facebook siku mbili au tatu baada ya kuzichapisha kwenye blogu, muda unaotosha Google kuiona ya blogu kuwa ndiyo ya asili. Makala ndefu zenye picha nyingi hubaki nyumbani, na huandika wazi kwamba kiungo kinahitaji bando la intaneti ya kawaida.

Maoni yote yako Facebook, huku blogu iko kimya. Nifanye nini?

Yakubali. Mtu hujadili mahali alipo, na kumlazimisha ajaze jina na barua pepe ili aseme "asante, mada nzuri" ni kumsumbua. Ninachofanya ni kuyachukua maswali yenye uzito, bila majina ya waulizaji, na kuyajibu ndani ya makala yenyewe kama nyongeza, ili atakayeisoma baada ya miaka miwili ayakute. Kama unaacha maoni wazi kwenye blogu, weka utaratibu wa kuyaidhinisha kwanza; wauza dawa za nguvu za kiume hawalali.

Makala zangu zinanakiliwa na kubandikwa kwingine bila jina langu. Nina haki gani?

Andiko lako lina hakimiliki tangu ulipoliandika. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na ofisi ya hakimiliki, COSOTA. Kenya ina sheria ya 2001, chini ya bodi ya hakimiliki, KECOBO. Katika hali halisi hatua ya kwanza ni ujumbe wa staha kwa aliyenakili, kwa sababu wengi huamini kwamba kilichoko mtandaoni ni cha wote, na wakielezwa huweka jina na kiungo. Asipojibu, Facebook, Instagram na Google zote zina fomu za kulalamikia ukiukaji wa hakimiliki, na hapo tarehe iliyo kwenye blogu yako ndiyo ushahidi wako. Hakikisha tu kwamba picha ulizozitumia wewe nazo ni zako.

Nitajuaje ni mtandao upi unaoniletea wasomaji?

Takwimu za blogu huonyesha chanzo cha kila anayefika, isipokuwa kwamba waliotoka WhatsApp kwa kawaida huhesabiwa kama watu walioandika anwani wenyewe. Ili kuwatambua, ongeza mwishoni mwa kiungo unachotuma huko maneno ?utm_source=whatsapp; ukurasa utafunguka vilevile, na programu kama Google Analytics itawahesabu peke yao. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba X, iliyokuwa ikinichukulia muda mwingi kuliko mitandao yote, ilikuwa ikiniletea wasomaji wachache kuliko chaneli ndogo ya WhatsApp niliyoiona kama mzaha.

Nizilinde vipi akaunti zilizounganishwa?

Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na tarakimu za siri za muda, kila mahali, na pendelea programu ya kutoa tarakimu kuliko ujumbe mfupi wa simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea tarakimu za siri za akaunti yako. Kila miezi sita fungua orodha ya programu ulizoziruhusu ndani ya Facebook na Google, na ufute zile usizozikumbuka.

Nikitaka kuhama au kupumzika, maandishi yangu nitayahifadhi vipi?

WordPress na Blogger zote zina sehemu ya kupakua makala na maoni yote katika faili moja la XML, na WordPress inaweza kulisoma faili la Blogger. Picha mara nyingi hazimo ndani ya faili hilo, kwa hiyo zipakue kando. Za Blogger hupatikana kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vyako. Facebook na Instagram nazo hukuruhusu kupakua ulichowahi kuandika, kutoka kwenye mipangilio ya akaunti, ingawa kinachotoka huwa ni rundo la mafaili yasiyopangika. Mimi hupakua ya blogu kila mwisho wa mwezi na kuweka nakala moja kwenye diski ndogo ya USB inayokaa kwa dada yangu Tanga.